Koti Jekundu la Mwenyekiti

Kwenye chama cha maigizo cha chuo, mwenyekiti mpya huvishwa koti jekundu mbele ya wanachama wote. Koti ni lile lile tangu chama kianze. Zakaria, katibu, ndiye aliyelitunza wakati wa uchaguzi, na kwa jinsi alivyojiona keshashinda, alilipeleka kwa fundi likapunguzwa limkae yeye.

Kura zikampa ushindi Shomari, mwenzake wa chumba kimoja.

Shomari ana mabega ya mbeba magunia. Aliingiza mkono mmoja, akaingiza wa pili, koti likakwama.

"Mwenyekiti, punguza ugali!" mtu akapiga kelele, ukumbi mzima ukacheka.

Shomari naye akacheka. Hakuona aibu hata kidogo, na hilo lilimuuma Zakaria kuliko kura zenyewe.

"Lakini mwaka jana niliigiza nalo, likanitosha," Shomari alisema, akipapasa mshono wa ubavuni. "Uzi huu mpya. Zaka, ndugu yangu, si ulikuwa nalo wewe? Nani kalipunguza?"

Kicheko kikakatika. Zakaria akatazama viatu vyake.

Shomari akainua mkono juu, ubavu ukabaki wazi.

"Basi nifumulie," alisema kwa sauti ya chini. "Watu wanangoja."

Msichana wa mavazi akamletea Zakaria wembe. Akakata uzi wa kwanza, kisha wa pili. Mshono ulipoachia, akaona shati jeupe la Shomari likipanda na kushuka kwa pumzi. Nyuma yao makofi yalianza. Zakaria aliubana wembe vidoleni, na nyuzi zilikuwa bado hazijaisha.