Buku na Mbegu za Nyikani

Enzi hizo nyika ilikuwa na majani ya kila namna, mpaka Nyati alipoyapiga marufuku yote isipokuwa ukoka, kwa kuwa ukoka ndio aliopenda kula.

"Mengine yote ni magugu," alisema. "Yakanyageni!"

Wanyama wakayakanyaga. Panya Buku alichemka kwa hasira. Kila siku alifuata nyuma ya kwato zao akiokota mbegu za mchunga, mnavu na mkunde pori, akazijaza mashavuni na kwenda kuzificha shimoni mwake.

"Unaficha takataka, mpumbavu wewe!" Nyati alimcheka.

Mwaka uliofuata viwavi waliuvamia ukoka wakaumaliza wote. Nyati akaja mlangoni pa Buku, mbavu zikihesabika.

"Mama Buku, tugawie hizo mbegu tule."

Buku alimrukia akamng'ata pua. "Mule? Mkizila leo, kesho mtakula nini? Lima, kwa kwato hizo hizo ulizoharibia!"

Nyati, mbabe wa nyika, akalima huku njaa ikimtafuna, na Buku akapanda nyuma yake akimfokea. Mvua ikanyesha, majani yakachipua, wanyama waliosalia wakala.

"Ahsante, mama," Nyati alisema. "Na ule mlenda aliokuwa akinilisha marehemu mama yangu, utachipua lini?"

"Hautachipua," Buku alijibu, macho yamemwiva. "Mliumaliza kabla sijapata hata punje moja. Nenda kawasimulie wanao ulikuwa na ladha gani."