Mbuzi ya Bi Mwanaidi

Katika nyumba ile ya wazee kila mkazi alivishwa bangili, na mkono ukikaribia kitu cha moto au chenye makali, bangili huulegeza ukawa kama uzi uliolowa. Hakuna aliyeungua wala kujikata, na watu waliisifu nyumba mno.

Ijumaa hiyo Saumu akamletea mama yake mbuzi ya kukunia nazi aliyokuwa akiililia. Bi Mwanaidi akaikalia kama mtu aliyerudi kwake, akashika kizio cha nazi. Hakijagusa meno ya mbuzi, vidole vikalegea. Kizio kikabingirika hadi uvunguni.

"Lete nikukunie, mama."

"Unikunie mimi? Kukuna kwenyewe nani alikufundisha? Nazi za harusi yako nilizikuna kwa mikono hii hii, leo imekuwa haramu kukuna ya wali wangu?"

"Wanakulinda."

"Hulindwa kitoto kichanga! Waambie wanivue dude lao!"

"Wakikuvua hawakuweki tena, mama. Na kwangu utashinda na nani?"

Hasira ikampanda Bi Mwanaidi hadi utosini. Akainua mkono aipige sakafu. Bangili ikalia taratibu, na mikono yote miwili ikashuka kwa upole, ikajilaza mapajani.

Saumu akashusha pumzi. Akatoa simu, akampiga picha awatumie ndugu zake.

"Unaona? Ukitulia unapendeza."

Bi Mwanaidi akafungua kinywa amtukane, lakini ulimi nao ulikwishaanza kulegea.