Majirani wa Mpima Mvua

Seremala alikirudisha kiti kikiwa vilevile, mguu mmoja umevunjika. Alikiweka barazani, akaenda zake bila hata kupiga hodi.

"Umeona?" mume alimwambia mkewe, mpima mvua wa kituo cha hali ya hewa. "Akufukuzaye hakwambii toka."

Mke alikiinua kiti, akakiegemeza ukutani. Jana jirani yake, mshona nguo, alimrudishia ungo alioazima zamani, akaukabidhi huku anatazama chini. Muuza maziwa ameacha kupita. Na yeye akitokea tu kisimani, maneno yanakatika vinywani mwa watu.

Yote yalianza baada ya mkutano wa kijiji. Huko mke aliwaeleza kinagaubaga, bila kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa: tangu enzi za babu zao mvua inapungua na joto linapanda, hata usiku ardhi haipoi tena. Huu haukuwa ukame wa kupita.

Mzee mmoja alifoka, "Tangu mlete hivyo vipimo vyenu, mawingu yametukimbia!" Wengine waliinuka mmoja mmoja, wakaondoka, na hilo ndilo lililomtisha.

"Ungewaambia mwakani itanyesha," mume alisema. "Uongo mdogo hauui."

"Wangepanda mbegu zao za mwisho. Halafu wale nini?"

Adhuhuri vumbi lilitimka njiani. Kijiji kizima kilikuwa kinakuja, wake kwa waume, majembe na mapanga mabegani. Mume aliburuta meza, akaisukumia mlangoni. Mke alimshika mkono mama mkwe, akamwingiza chumba cha ndani.

"Msinifungie," bibi kizee alinong'ona. "Nikifa, nife naona mlango."

"Hodi!" Ilikuwa sauti ya mshona nguo. "Dada, fungua!"

"Tumewakosea nini?" mume alipaza sauti.

"Nani kasema mmekosea? Fungua, shemeji. Lori halitusubiri."

Mke aliisogeza meza, akafungua. Walikuwa wamejaa hadi barabarani, na magodoro vichwani, masufuria, kuku waliofungwa miguu, watoto migongoni. Yule mzee aliyefoka mkutanini alikuwa analia waziwazi, wala hajifuti.

Mshona nguo alimwekea mkononi funguo zilizofungwa pamoja kwa kamba, za nyumba zote za kijiji.

"Wewe kazi yako ni kubaki upime," alisema. "Sisi tumekuamini, tunahama."