Ukungu Uliingia Lini

Ngumi ya kwanza ilimkuta fundi wa kamera bado anaitikia salamu. Ya pili ilimtoa kwenye kiti. Aliangukia makopo ya skrubu, zikatapakaa sakafu nzima, naye akabaki chini anatema damu na kipande cha jino.

"Mwinue, mwanangu," alisema mama aliyeketi kwenye benchi la wateja, mkoba mapajani. "Mtu haongei vizuri akiwa chini."

Mwanawe alimwinua fundi kwa ukosi. Alikuwa mpakiaji wa malori, wenzake wakimwita Winchi, na jina lilikuwa limemkaa sawasawa. Walikuwa wameingia mchana kweupe, wakaufunga mlango wa karakana kwa ndani. Haja yao ilikuwa moja. Kesho yake fundi angesimama mahakamani kutoa neno kuhusu lenzi, na neno hilo ndilo lingemrudisha nyumbani au kumpeleka kitanzini mdogo wake Winchi, mhudumu wa hoteli aliyeshtakiwa kumuua sonara wa mtaa huo huo.

Mpiga picha mmoja, akiwa ghorofani ng'ambo ya barabara, alikuwa amemnasa muuaji akitoka mbio dukani kwa sonara, kisu mkononi. Uso haukuonekana, maana mtu mwenyewe alikuwa amegeuka. Kilichoonekana ni shati, tena jeupe, kama yale ya wahudumu wa hotelini. Jirani mmoja aliapa kwamba alimwona kwa macho yake na shati lilikuwa la buluu mpauko. Akachekwa: mzee, picha na macho yako tuamini kipi? Ndipo wakili wa mshtakiwa akauliza, kwani lenzi nayo haizeeki? Ndani yake mlikuwa na ukungu, ule wa kuota kwenye unyevu. Mwenye lenzi hakujua uliingia lini, basi mahakama ikampelekea fundi aipime.

"Shikamoo, mama," fundi alisema, midomo imevimba.

"Marahaba. Haya, nieleze taratibu, mimi sikusoma. Lenzi yenye ukungu inaweza kuligeuza shati la buluu likaonekana jeupe?"

"Inaweza. Mwanga unatawanyika ndani, rangi zinapauka."

"Na lenzi safi?"

"Safi haiwezi. Jeupe ni jeupe."

"Basi sema ilikuwa na ukungu siku ile."

"Haikuwa nao, mama. Kioo hakizeeki, kinachozeeka ni kile kinachoingia ndani yake. Na ukungu huu ni mchanga, wa mvua hizi za juzi tu, sonara keshazikwa."

Winchi aliukamata mkono wake, akakitia kidole cha shahada kwenye jiliwa, kibanio cha chuma kilichofungwa mezani, akazungusha mpini. Fundi alipiga ukelele uliotikisa vioo vya kabati. Winchi akazungusha tena. Kitu kilivunjika ndani ya kidole, wote watatu wakakisikia.

"Ukungu uliingia lini?" Winchi aliuliza.

"Mvua za juzi."

Alipigwa teke la mbavu, kidole bado kimebanwa. Alipigwa mgongoni kwa mguu wa chuma wa kusimamishia kamera mpaka mguu huo ukapinda. Damu ilimtoka puani ikalowesha shati lote, naye kila akiulizwa alirudia maneno yale yale, kama mtoto aliyekaririshwa. Ama kweli kuna watu wabishi duniani. Neno moja tu lingemwokoa, na hakuna mtu ambaye angemlaumu kwa kulisema.

Winchi, pumzi zimemwisha, alinyakua nyundo akaiinua juu ya lenzi.

"Weka chini," mama alisema. "Ukiivunja hiyo, tutabaki na neno lake peke yake."

Aliinuka, akapiga magoti mbele ya fundi katikati ya skrubu na damu, mama mzima wa kuzaa watu. "Mwanangu aligombana na sonara, sikatai. Ana mdomo. Lakini hata kuku hawezi kumchinja, baba. Nimekuja kukuomba, na huyu kaka yake hajui kuomba, anajua kupiga tu. Niangalie usoni uniambie. Siku ile lenzi ilikuwa safi?"

Fundi alimwangalia usoni. "Ilikuwa safi, mama."

Mama aliinuka. Kisha alishika mpini wa jiliwa kwa mikono miwili, akaulegeza mwenyewe.

"Mama, bado hajasema!" Winchi alifoka.

"Amesema. Mtu hapigwi hivi akashikilia uongo usiomhusu." Aliokota mkoba wake. "Kwa hiyo ni kweli. Mtoto wangu ameua mtu, na mimi nimekuja kumvunja mikono asiye na kosa. Twende zetu."

Winchi alilia waziwazi, lijitu lile, akijifuta machozi kwa ngumi zenye damu ya mwenzake. Mama alimwomba fundi radhi mara mbili, akamshika mwanawe mkono wakatoka.

Mke wa fundi aliporudi kutoka sokoni alimkuta mumewe ameegemea meza. Alilia, akalaani, akamfunga kidole kwa kitambaa, akamwosha uso kwa maji ya uvuguvugu.

"Si ungewaambia tu wanachotaka?" alisema. "Ukweli gani huu wa kufia?"

"Kesho nitakwenda," fundi alisema. "Nitafutie shati."

Mke alifungua kabati, akapekua. "Lile la buluu mpauko ndilo lingekupendeza," alisema, "kama usingelichoma uani siku ile aliyokufa sonara, eti limemwagikiwa dawa ya kusafishia lenzi."

"Nipe jeupe," fundi alisema.