Tangi la Pili la Dida

Siku hizi sheria inaruhusu gari kubeba tangi moja tu la mafuta, la kwenda na kurudi. Anayeongeza tangi la pili huhesabiwa amehama, na nyumba yake humsahau siku hiyo hiyo.

Mume wangu Dida aliponiomba nimchomelee tangi kwenye Landrova yake, nilipaswa kukataa. Lakini dada yake alikuwa mahututi ng'ambo ya jangwa la Chalbi, ambako tangi moja halifikishi, na fundi ni mimi. Nilipomaliza nikalipaka povu la sabuni kutafuta panapovuja. Hapakuvuja popote. Laiti ningeacha tundu dogo tu kama la sindano, wakaguzi wa magari wangelikataa, naye asingehesabiwa amehama.

"Nitarudi, Mama Elema," alisema.

Siku ya nne gari liliingia uani. Dida akagusa mlango, nao ukamjibu kwa upole, "Karibu, mgeni. Wenyeji hawaruhusiwi kukufungulia."

Akaja dirishani. "Nilifika ukingoni mwa jangwa, nikawakumbuka. Nikageuza."

Kisha akarudi garini, akaligonga tangi langu kwa kidole. Kupitia kioo nilisikia sauti nzito, ya tangi ambalo halijapungua hata tone.