Mkaguzi Asiye na Jina

Siku hizi waandishi wa programu hawafanyiwi usaili. Sheria inasema kila mwombaji akaguliwe na mwombaji mwenzake, majina yakiwa yamefichwa, ili haki itendeke. Haki! Mimi na mke wangu Zawena tuliomba nafasi ileile, kwenye kampuni moja hapa Morogoro.

Nilipofungua kazi niliyopewa kuikagua, niliijua kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza. Ni Zawena pekee anayemwachia mtu atakayekuja baadaye ujumbe ndani ya programu: "Hapa nenda taratibu, mimi nilijikwaa." Programu ilikuwa safi, haina hata kosa moja. Yangu ilinitoa jasho siku nne, na bado ilikuwa inakwamakwama. Wivu ukanishika. Hata binti yetu Tunu akiwa na swali la hesabu hunipita mimi sebuleni, akamfuata mama yake jikoni. Nikampa alama thelathini kwa mia, nikaandika na sababu.

Majibu yalitufikia Jumapili mchana tukiwa mezani. Sote wawili tulikosa. Zawena akafuta mikono, akasoma kwa sauti maelezo ya mkaguzi wake: "Mwombaji huyu ni mzito. Hupoteza asubuhi nzima akichorachora kwenye karatasi kabla ya kugusa kompyuta."

"Pole, Mama Tunu," nikasema. "Watu wana roho mbaya."

Hakukunja uso. Alinisogezea bakuli la mchuzi, kama kawaida yake.

"Mimi nilituma programu tu, Baba Tunu," akasema. "Hizo karatasi ameziona wapi?"