Kisima Kilichogeuka Waridi

Tone la dawa ya kupimia lilipoanguka ndani ya chupa, maji yakageuka rangi ya waridi, na Masinde, mpimaji wa maji, akakaa palepale kwenye matope.

"Leo maji yangu inasema nini?" Mama Kaltumi akauliza kutoka mlangoni, mikono imejaa unga.

Masinde akamwambia ukweli: rangi ya waridi ilikuwa dalili ya chumvi mbaya. Juu ya kilima, machimbo ya mawe yalilipua mwamba kila wiki, na kila walipolipua, chumvi ya baruti ilibaki shimoni. Mvua ikilijaza shimo, pampu iliyatapika maji yale bondeni, kwenye mtaa huu wa Kisugu. Kwanza Masinde aliikuta chumvi hiyo kwenye kijito, akatumaini itaishia huko. Sasa ilikuwa imezama ardhini na kufika kisimani.

"Chumvi tumetafuta madukani mpaka viatu imeisha," mama akasema, "kumbe iko hapa nyumbani. Serikali imetukumbuka."

Wanawake waliokuwa wakisubiri na madebe yao wakacheka. Mmoja akaongeza kwamba sasa imebaki sukari tu, lakini sukari ilijiunga na jeshi na haijapewa likizo. Siku hizo mtu aliweza kupotea kwa mzaha kama huo. Masinde akainamisha kichwa na kuhesabu matone, kama alivyofanya kila mara, mpaka kicheko kikapoa.

Alipokuja mara ya kwanza, mtaa mzima ulimnyamazia. Siku hizi Mama Kaltumi alimwita mwanangu na kumgombeza kwa wembamba wake.

Ndani ya nyumba, Jalia, binti wa Mama Kaltumi, alikuwa akimkorogea mwanawe maziwa ya unga kwa maji ya kisima hicho. Ugonjwa ulikuwa umeyakausha maziwa yake mwenyewe. Kitabu cha Masinde, alichokinunua sokoni Nateete na kukisoma mpaka jalada likang'oka, kilisema kwamba mtu mzima huyamudu maji ya namna hiyo. Mtoto mchanga hageuki waridi kama chupa. Midomo yake hugeuka bluu, kisha pumzi humwisha. Na kuyachemsha hakusaidii kitu.

Masinde alimsihi Jalia achote kwingine. Jalia akamuuliza, kwa upole kabisa, ni wapi. Bomba la mtaani lilikohoa hewa tu, na chemchemi zote za bonde zilikuwa chini ya kilima kilekile.

Basi ilikuwa lazima pampu inyamaze, na Masinde hakuwa na uwezo wa kuinyamazisha. Miaka hiyo ya utawala wa jeshi, kila kazi ilikuwa na mwanajeshi juu yake, na juu ya Masinde alikuwa Kapteni Sulaimani, kule kambini Mbuya. Kapteni hakuwa na sikio la maji. Masinde alipompelekea vipimo vya kijito, aliuliza kisimani kulikuwa na nani. Alipompelekea kina cha kisima, aliuliza watu walizungumza nini. Masinde alijibu kwamba walizungumza habari za maji, na kapteni akageukia dirishani kama mtu anayeumwa jino.

Safari hii Masinde hakupeleka karatasi. Alibeba chupa zenyewe ndani ya kreti ya soda. Askari wa langoni alizinusa, akauliza kama ni pombe ya waragi. Alipoambiwa ni maji, alisikitika kwa dhati.

Masinde akazipanga mezani kwa kapteni: ya shimo, ya kijito, ya kisima. Akadondosha dawa. Chupa zote tatu zikaona haya, zikawa waridi.

"Masinde," kapteni akasema, "mimi ni mtu wa bunduki. Wewe kila siku maji, maji. Mimi nitafanya nini na maji?"

Masinde akajibu kwamba hayo hayakuwa maji matupu. Mabaki ya baruti yalikuwa yakitoka machimboni, yakipita chini ya ardhi na kuingia kwenye kisima cha watu.

Kapteni akasimama. "Baruti? Baruti ya serikali iko kwa raia?"

Masinde akafungua kinywa amsahihishe. Akamfikiria mtoto wa Jalia, akakifunga.

"Inaingia kila pampu inaponguruma, afande," akasema, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Kapteni akanyakua simu. Msimamizi wa machimbo akaambiwa azime pampu saa hiyohiyo, achimbe bwawa la kuyazuia maji yake, na tone moja lisitoke kilimani. Kisha kapteni akaagiza lori la maji liende Kisugu kila asubuhi mpaka kisima kipone, ili raia wasiendelee kuchota mali ya jeshi. Kwenye simu ilisikika sauti ndogo ikisema ndiyo afande, ndiyo afande.

Masinde akaanza kuziziba chupa, furaha imemjaa.

Kapteni akaketi, akajifuta jasho, akazisukuma chupa pembeni kama mtu aliyemaliza kula.

"Sawa. Maji imekwisha," akasema. "Sasa lete kazi niliyokutuma. Hizo chupa nilikupa zikufiche tu. Wale wanaosema serikali vibaya pale kisimani, majina yao iko wapi?"

Masinde akazirudisha chupa kwenye kreti, taratibu, moja baada ya nyingine.

"Hao bado sijawapata, afande," akasema. "Itabidi niendelee kupima."